Watoto wananisubiri, na mimi nimefeli masomo mawili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma uhasibu mwaka wa pili. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana sina nafasi, na hata nafasi hii nimeipunguza kwenye usingizi.

Mwaka jana nilianza kujitolea kwenye kituo kinachosaidia watoto waliochelewa kujua kusoma. Nilimsindikiza rafiki yangu Jumamosi moja, nia yangu ikiwa kwenda kuona tu. Nikakabidhiwa mtoto wa miaka 9. Herufi zote anazijua, ila kuziunganisha hawezi. Tulikaa kwenye neno moja, "kalamu", karibu nusu saa. Alipolitamka lote kwa mkupuo alinitazama, akalirudia, kisha akainuka akaenda kuwaonyesha wenzake. Tangu siku hiyo sijakosa Jumamosi hata moja.

Baadaye ikaongezeka Jumatano, saa kumi jioni hadi kumi na mbili na nusu. Kisha dada aliyekuwa akipanga ratiba ya wajitoleaji akahitimu, nikaombwa nishike nafasi yake kwa muda. Muda huo sasa una miezi minane. Kila Jumapili natengeneza ratiba, nawakumbusha watu, naziba mapengo. Alhamisi naandika barua za kuomba vitabu. Simu yangu haitulii: huyu anaumwa, yule kasahau, mwingine anauliza ufunguo uko kwa nani. Mama msimamizi ananiambia mbele za watu, "Bila wewe hapa pangeshafungwa."

Siku moja kabla ya mtihani wa Takwimu ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimeomba nisiende. Saa tisa alasiri wawili wakaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba hawaji. Nikawaza watoto watakavyofika wakute viti vitupu, nikaenda. Nilirudi saa mbili usiku, nikasoma mpaka saa nane, asubuhi nikaingia chumba cha mtihani macho yanawaka. Nilipata 31. Hesabu za Gharama nikapata 36. Kufaulu ni 40. Mitihani ya marudio, ile tunayoiita sapu, ni baada ya wiki saba.

Baba hajui. Yeye ndiye anayenilipia ada, na mwanzoni kabisa aliniambia, "Sikukupeleka chuo ukalee watoto wa watu." Nikimwambia nimefeli ataniambia niache kesho yake. Rafiki zangu nao wameshanichosha kwa "mshika mbili moja humponyoka".

Kuna jambo jingine ambalo naona aibu kuliandika. Wiki iliyopita yule mtoto wangu alikosea neno mara ya tatu nikamkemea. Alinyamaza, hakusoma tena siku hiyo. Sijawahi kumfanyia hivyo.

Mimi naona muda sio tatizo, maana kituoni natumia saa saba na nusu tu kwa wiki. Wenzangu wanaangalia mpira saa nyingi kuliko hizo. Au ni mimi ndiye sina akili ya darasani? Niache? Nikiacha, nitamwambia nini yule mtoto?

Wako,
Mwenye Viti Vitupu

*

Marahaba, binti yangu.

Hiyo methali mimi sikurudishii. Watu wanashika mawili kila siku: wapo wanaosoma huku wanalea, wapo wanaosoma huku wanauguza mzazi, na wanamaliza. Wewe umeshika sita ukaziita mbili.

Tuhesabu, maana ni mwanafunzi wa uhasibu naandikiana naye. Jumatano ni saa mbili na nusu. Jumamosi, kama ni hiyo zamu ya saa tatu asubuhi mpaka saa nane ambayo vituo vya namna hii hupenda, ni saa tano, na ndiyo inayotimiza saba na nusu yako. Lakini ile Jumatano ya kabla ya mtihani, kazi inaisha saa kumi na mbili na nusu, na umeniambia ulirudi saa mbili. Hata nikikadiria saa moja tu ya njia, kwenda na kurudi mara mbili kwa wiki ni saa nne. Ratiba ya Jumapili na barua za Alhamisi, niweke saa mbili mbili: nne nyingine. Simu zisizotulia, nusu saa kwa siku, ni tatu na nusu. Jumla 19. Kama nimezidisha mahali, chukua daftari ujaze wiki nzima kwa kalamu, kila unapoanza na kila unapomaliza. Sidhani kama utarudi na saba na nusu.

Sasa ziweke pembeni ya masomo. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, ambako wamejaribu kuandika mzigo wa mwanafunzi kwa tarakimu, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, ukijumlisha darasani na kujisomea. Ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka. Chuo chako kinaweza kuhesabu kwa namna nyingine, lakini picha haibadiliki sana: kusoma ni ajira kamili isiyo na mshahara. Ukiipachika ajira nyingine ya nusu juu yake, kitu cha kwanza kuliwa ni usingizi, kwa sababu usingizi hauna msimamizi wa kukupigia simu. Jopo la wataalamu wa usingizi Marekani lilipokaa mwaka 2015 lilishauri mtu mzima alale saa saba au zaidi. Wewe uliingia kwenye Takwimu umelala, nadhani, nne. Kwa hiyo swali la akili ya darasani liondoe. Alama zile hazikupima akili yako. Zilipima uchovu wako.

Lakini kuna jambo ambalo saa haziwezi kulieleza, na ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Isome tena. Kwenye kituo umenieleza mtoto, neno, uso wake, sauti ya msimamizi. Kwenye uhasibu umenieleza alama tu. Hukuniambia hata mada moja inayokusumbua. Nadhani, na unikosoe kama nimekosea, kwamba kituoni unakwenda pia kwa sababu ndipo mahali unapojisikia unaweza. Mtoto akisoma neno, umelipwa papo hapo. Takwimu hailipi papo hapo. Unakaa nayo siku tatu huelewi, hakuna anayekupigia makofi, na hata ukielewa hakuna anayejua. Mtu aliyechoka huenda panapomtia moyo. Siku ile saa tisa alasiri ulikuwa na vyumba viwili vya kuchagua: chumba chenye daftari lililokuwa linakuogopesha, na chumba chenye watoto wanaokupenda. Ulikwenda kwa watoto kwa huruma ya kweli, hilo silitilii shaka. Ila jiulize kama huruma ilikuwa peke yake.

Sikulaumu. Na mimi nilipita njia hiyo. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa nikijitolea kwenye wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, nawaandikia barua na kuwasomea zinazokuja. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye aliniambia hataki mtu mwingine amsomee barua za mwanawe. Nilibeba neno hilo kama cheo. Nilipoanguka kwenye masomo nikalazimika kukaa mbali muhula mzima, nikawa nalia nikimfikiria. Niliporudi nilimkuta kijana mmoja anamsomea, tena kwa sauti nzuri kuliko yangu, na bibi anacheka. Niliumia. Nikaumia kwa siku mbili hivi, halafu nikaona kwamba kilichouma hakikuwa shida ya bibi, kwa sababu bibi hakuwa na shida. Tangu hapo mtu akiniambia "bila wewe hapa pangefungwa" namshukuru, kisha naanza kumtafuta wa kusaidiana naye.

Henry Dunant alikuwa mfanyabiashara wa Uswisi. Mwaka 1859 alifika Solferino, huko Italia, siku ya vita, akawakuta maelfu ya majeruhi hawana wa kuwahudumia, akakusanya wanakijiji wakawafunga vidonda bila kuuliza nani ni wa upande gani. Kutokana na hilo mwaka 1863 ikaundwa kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu. Akaitumikia kazi hiyo mpaka biashara yake mwenyewe akaiachia ikayumba, na mwaka 1867 akafilisika, akatoka kwenye kamati, akaishi kwa dhiki miaka mingi kabla dunia haijamkumbuka na kumpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1901. Namtaja kwa sababu mbili. Moyo mwema haumkingi mtu na hesabu zake mwenyewe. Na kazi aliyoianzisha yeye, ambayo kweli isingekuwepo bila yeye, iliendelea alipotoka. Kituo chako nacho kitaendelea.

Haya ya kumkemea mtoto, umefanya vizuri kuyaandika. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alipoandika mwaka 1974 kuhusu kuchakaa kwa watoa huduma, ile hali ya mtu kutumika mpaka anaisha ndani, alikuwa akiwaangalia watu wa zahanati ya bure huko New York, wengi wao wakijitolea, na yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Alichokiona ni kwamba waliojitoa zaidi ndio walioungua upesi, na moja ya dalili ilikuwa hasira za haraka. Kwa hiyo usijiambie umekuwa mbaya. Ila usiipuuze, kwa sababu anayelipa uchovu wako kwa sasa ni mtoto wa miaka 9 aliyenyamaza.

Basi usiache. Punguza, na upunguze kweli. Kwa wiki hizi saba baki na Jumamosi peke yake, saa tatu hadi saa tano, wewe na mtoto wako, basi. Na wiki ya mtihani usiende kabisa. Pamoja na njia ni saa nne. Kutoka 19 umerudisha 15 kwa wiki, ambazo kwa wiki saba ni saa 105. Ndani ya hizo, za kwanza zirudishe kwenye kulala.

Uratibu uachie mwenzio. Hiyo ndiyo kazi inayokumaliza, na wala siyo iliyokupeleka pale. Usitangaze kwenye kundi la WhatsApp, utapata maswali 40 na kila swali litakurudisha. Nenda kwa mama msimamizi ana kwa ana, au kama huwezi, mwandikie yeye peke yake. Unaweza kusema hivi:

"Shikamoo Mama. Nimefeli masomo mawili na nina mitihani ya marudio baada ya wiki saba. Kuanzia Jumatatu ijayo sitapanga ratiba tena, na Jumatano sitakuja. Jumamosi nitakuja saa tatu mpaka saa tano kwa ajili ya mtoto wangu, isipokuwa wiki ya mtihani. Ratiba, namba za wajitoleaji na nakala za barua nimeziandika kwenye daftari moja, nitakuletea Jumamosi hii. Napendekeza watu wawili washirikiane ili isimwelemee mmoja."

Angalia hakuna "samahani sana" wala "kama inawezekana". Unatoa taarifa, na tarehe imo. Huenda akasikitika. Huenda akakuuliza, "Hata Jumatano moja moja?" Jibu ni "Hapana, Mama, mpaka mitihani ipite," kisha nyamaza. Kunyamaza hapo kutakuwa kugumu kuliko mtihani wenyewe, kwa hiyo kafanye mazoezi na rafiki yako. Na wale wanaoandika saa tisa alasiri kwamba hawaji, hilo sasa ni tatizo la kituo kulitafutia dawa. Kwa muda wote ulioliziba wewe, hakuna aliyeliona.

Mtoto mwambie mwenyewe, asisikie kwa mtu. Kwanza muombe radhi kwa kumkemea, kwa maneno mafupi: nilikuwa nimechoka, hukukosea wewe. Watoto waliochelewa kusoma wameshakemewa sana, na wengi wanaamini wamestahili. Kisha mwambie ni Jumamosi zipi utakuwepo na ipi hutakuwepo, mziandike pamoja kwenye karatasi, aisome yeye. Umeniuliza utamwambia nini. Mwambie na wewe una mtihani uliokushinda na unaurudia. Nadhani hakuna jambo litakalomfaa zaidi kulisikia kutoka kwako kuliko hilo.

Baba. Hapa najua moyo unadunda. Mpigie, wala usisubiri ukutane naye likizo. Anza na alama, usianze na maelezo: "Baba, shikamoo. Nimefeli masomo mawili, nitayarudia tarehe fulani." Kisha mwambie ulichokwisha kukipunguza, kwa saa. Baba aliyesikia 19 zimekuwa nne ana kitu cha kushika mkononi. Baba aliyesikia "nitajitahidi" hana. Atafoka, yumkini. Lile neno lake la watoto wa watu usilijibu siku hiyo. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kujua ada yake inakwendaje, na umemnyima haki hiyo kwa kumficha, ingawa nakuelewa. Akisema uache kabisa, mwombe akupe mpaka matokeo ya marudio yatoke, na ukubali kwamba yakiwa mabaya mtazungumza upya. Hiyo ni ahadi unayoweza kuitimiza.

Na kusoma kwenyewe. Usizirundike hizo saa siku moja. Tangu mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 imejulikana kwamba kujifunza kwa vipande vilivyoachanishwa siku hudumu kuliko kurundika. Takwimu kila siku dakika 45, kisha pumzika, kisha Hesabu za Gharama dakika 45. Na usisome daftari mara tatu ukidhani unasoma. Lifunge. Chukua swali la mtihani uliopita, lifanye bila kuangalia, ukwame, ndipo ufungue. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena na wale waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikumbuka zaidi, ingawa waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika kwamba wameelewa. Ukikwama siku mbili mfululizo kwenye mada moja, nenda kwa mhadhiri na karatasi yenye pale ulipokwama. Si kumwambia "sielewi Takwimu", bali "kuanzia mstari huu".

Mitihani ikipita na ukitaka kuongeza kitu kituoni, fikiria mara moja kwa mwezi kuwasaidia kuweka vitabu vyao vya fedha sawa. Vituo vidogo vingi vinateseka hapo, na wewe ndicho unachokisomea. Labda ukiona Hesabu za Gharama zinajibu swali la kweli, kwamba kumfundisha mtoto mmoja mwezi mmoja kunagharimu kiasi gani, somo lenyewe litakupa sura nyingine. Lakini hilo ni baada ya wiki saba, usilianze sasa.

Mpigie baba kesho asubuhi kabla hujaingia darasani. Daftari la makabidhiano liandike Ijumaa. Na usiku huu, simu iache chumba kingine, ulale. Matokeo yakitoka niandikie, na uniambie mtoto wako amefika neno gani.

Shangazi yako